Viwanja Vyetu, Hati Zao

Timu ya Mbeya City ni mali ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Ilianzishwa 2011, ikapanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na msimu huo huo wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu chini ya kocha Juma Mwambusi. Wanaoukumbuka mwaka ule wanakumbuka jezi za zambarau kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole. Jiji lina timu, lina mashabiki, lina meya, madiwani, mkurugenzi, mhasibu na mhuri. Halina uwanja. Timu ya umma inachezea Sokoine, na Sokoine ni mali ya Chama Cha Mapinduzi.

Maana yake ni kwamba timu inayoendeshwa na halmashauri, tena kwa fedha ambazo Mkaguzi Mkuu ana haki ya kuzikagua, ikicheza nyumbani inacheza kwa mwenye nyumba. Sehemu ya mapato ya mlangoni inakwenda kwa mwenye uwanja, na mwenye uwanja ni chama cha siasa. Mama wa Soweto anayeuza ndizi, anayekatia tiketi mwanawe siku ya Yanga, amechangia chama hicho. Hakuulizwa kama ana kadi.

Kati ya 2015 na 2020 mambo yalikuwa ya kuchekesha zaidi. Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa zote ziliongozwa na mameya wa CHADEMA. Wapiga kura wa miji hii miwili walikuwa wameamua, kwa kura halali, nani aongoze halmashauri zao. Lakini Jumamosi ikifika, timu ya halmashauri inayoongozwa na CHADEMA inaingia kwenye uwanja wa CCM kama mpangaji. Hakuna mwandishi wa vichekesho ambaye angethubutu kuandika hivyo.

Mimi ni wa Iringa kwa kuzaliwa na wa Mbeya kwa masomo. Kwa hiyo ugonjwa huu nimeuona pande zote mbili za barabara kuu ya Tanzam. Nimekaa Sokoine nikitazama mlima Loleza ukimezwa na wingu wakati mpira umelala katikati ya uwanja, na nimekaa Samora mwezi wa sita, meno yakigongana kwa baridi, nikiishangilia Lipuli. Hiyo Lipuli, Wanapaluhengo wetu, mwaka 2019 iliifunga Yanga 2-0 hapo hapo Samora kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikaenda Lindi kwenye fainali ikafungwa 1-0 na Azam. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Uwanja wa Samora nao ni wa chama.

Swali langu ni fupi: ni wa chama kwa vipi?

Tanganyika ilikuwa nchi ya vyama vingi ilipopata uhuru. Mwaka 1965 Katiba ya mpito ikafanya chama kuwa kimoja kwa sheria: TANU bara, ASP visiwani. Mwaka 1975 Katiba ikabadilishwa tena, ikasema shughuli zote za vyombo vya dola zitaendeshwa chini ya uongozi wa chama. Hiyo ndiyo ile tuliyoimbishwa kama "chama kushika hatamu". Februari 5, 1977, TANU na ASP zikaungana, ikazaliwa CCM. Kwa miaka yote hiyo, mpaka katikati ya 1992, mkuu wa mkoa alikuwa ndiye katibu wa chama, au walikaa jengo moja na kusaini kwa kalamu moja. Mchango ukitangazwa, ulitangazwa na mtu ambaye ni Serikali asubuhi na chama jioni. Ulikatwa kwenye mshahara wa mwalimu, ukakatwa kwenye kahawa ya Mbozi na pareto ya milimani, ukatolewa kwa jasho siku ya kazi ya kujitolea, kubeba mawe na kuchanganya zege. Viwanja vya mikoani ni watoto wa enzi hiyo. Hakuna aliyekuwa na chama kingine cha kuchangia. Hakuna aliyeweza kusema, "Samahani ndugu balozi, mimi si mwanachama, mawe yangu niacheni nayo."

Kisha ikaja Tume ya Jaji Nyalali. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Siku hiyo kulikuwa na kazi moja ya kufanywa ambayo haikufanywa: kukaa chini na kutenganisha cha chama na cha umma. Chama kilitoka ndani ya nyumba ya dola kikiwa kimebeba makochi, masufuria na viwanja vya mpira, na dola ikakifungulia mlango.

Sasa nikupeleke Berlin kidogo. Siendi huko kwa kuamini kwamba Mzungu anajua zaidi. Utaona kwamba na wao waliharibu. Naenda kwa sababu chama tawala cha Ujerumani Mashariki, SED, kilikuwa cha ukoo mmoja na chetu. Ukifika Kikwajuni, Zanzibar, bado unaona maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wao. Nao walikuwa na chama kinachoshika hatamu, vijana wa chama, gwaride la chama. Na walikuwa na uwanja.

Ulijengwa 1950, katika mtaa wa Chausseestraße, kwa miezi michache tu, mahali palipokuwa na kambi ya wanajeshi wa mfalme. Ulichukua watu wapatao 70,000. Ulipewa jina la Walter Ulbricht, kiongozi wa chama, akiwa bado hai na akiwa bado ana madaraka, jambo ambalo kwa kawaida halina mwisho mzuri. Watu wa mtaani waliubatiza "malisho ya mbuzi", wakizikejeli ndevu zake. Mwaka 1961 ukuta wa Berlin ukapita hatua chache kutoka hapo. Stesheni ya treni ya chini ya ardhi iliyokuwa na jina la uwanja ikafungwa. Treni za Berlin Magharibi zilipita chini yake bila kusimama, zikipunguza mwendo katika giza lenye askari. Mwaka 1973, tamasha la vijana wa dunia lilipofanyika mjini humo, jina la Ulbricht likaondolewa. Uwanja ukaitwa Uwanja wa Vijana wa Dunia. Ulbricht mwenyewe akafariki Agosti 1, tamasha likiendelea. Kuanzia 1975 mpaka 1989 fainali za kombe la nchi hiyo zilichezwa hapo.

Ukuta ukaanguka Novemba 1989. Miaka mitatu baadaye uwanja haukuwepo. Berlin iliyoungana ilikuwa inaomba kuandaa Olimpiki ya 2000, ikaamua kwamba pale patajengwa ukumbi wa kisasa, na mwaka 1992 ikaleta mabuldoza. Septemba 1993 kura zikapigwa: Berlin ikapata 9, Sydney ikashinda. Uwanja ulikuwa umeshabomolewa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuja. Eneo likakaa wazi kwa zaidi ya muongo mmoja, watu wakipigia hapo gofu na mpira wa wavu. Mwaka 2006 ujenzi ukaanza, na Februari 2019 Angela Merkel akafungua jengo jipya: makao makuu ya idara ya ujasusi. Pale ambapo vijana walikimbiza mpira, leo pana uzio, kamera na maofisa wasiotaja kazi zao.

Kwa hiyo usije ukadhani nauza Berlin kama mfano wa hekima. Kubomoa uwanja mkubwa namna ile kwa matumaini ya kura za wajumbe ni upumbavu, na wenyeji waliokuwa na kumbukumbu zao pale waliona maisha yao yakipakiwa kwenye malori kama kifusi. Ninachotaka ukitazame ni kitu kingine walichofanya katika miezi ile ile.

Mei 1990, kabla hata nchi hazijaungana, Bunge la Ujerumani Mashariki lenyewe lilipitisha sheria ya kuundwa kwa tume huru ya kuchunguza mali za vyama na jumuiya zao. Mali zote walizokuwa nazo Oktoba 7, 1989, pamoja na zilizobadilishwa umbo baada ya hapo, zikawekwa chini ya uangalizi. Kila chama, si SED peke yake, kilitakiwa kuonyesha kilipataje kila nyumba, kila kiwanda, kila shamba, kila akaunti. Kilichothibitika kupatikana kwa njia ambayo ingekubalika katika nchi ya sheria, chama kilibaki nacho. Kilichobaki kikarudi kwa wenyewe au kwa umma. Chama chenyewe hakikupigwa marufuku. Kilibadilisha jina, kikaingia kwenye uchaguzi, kikapata wabunge. Tume ilifanya kazi mpaka 2006. Miaka kumi na sita ya kupekua mafaili! Wajerumani, bwana.

Na sisi? Desemba 2017 mwenyekiti wa CCM, John Magufuli, aliunda tume ya kuhakiki mali za chama, ikiongozwa na Dkt. Bashiru Ally. Mei 2018 ripoti ikakabidhiwa, na mwezi huo huo Dkt. Bashiru akawa Katibu Mkuu. Sipuuzi kazi yao. Lakini angalia nani aliuliza na aliuliza nini. Chama kilijichunguza chenyewe, kikajikabidhi chenyewe ripoti, na swali lilikuwa nani amekula mali ya chama. Swali la kama mali yenyewe ni ya chama halikuwamo. Ni sawa na mtu aliyekaa kwenye shamba la jirani kwa miaka ishirini na saba kuitisha kikao cha ukoo kujadili ni mwanawe yupi anaiba mahindi.

Wapo watakaonijibu. Nimewasikia kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, na wengine ni wajomba zangu.

Wa kwanza anasema: viwanja vilijengwa na wanachama wa TANU na CCM, kwa hiyo ni vyao. Hii hoja ingekuwa na nguvu kama kungekuwa na njia ya kutokuwa chini ya chama. Mahali ambapo sheria inaruhusu chama kimoja tu, mchango wa chama ni kodi yenye jina lingine. Na kama kweli kuna daftari linaloonyesha kwamba Sokoine ilijengwa kwa ada za wanachama tu, bila shilingi ya halmashauri, bila ekari ya umma, bila jasho la asiye mwanachama, basi liletwe. Hilo ndilo hasa tume huru ingeliomba. Mwenye haki haogopi daftari.

Wa pili anasema: chama kinavitunza. Mpeleke huyo Sokoine mwezi wa tatu, mvua ikiwa imenyesha siku mbili. TFF na Bodi ya Ligi zimekuwa zikivifungia viwanja vya mikoani mara kwa mara kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, na timu za mikoani ndizo zinazoadhibiwa: zinahama, zinacheza "nyumbani" mbali na nyumbani, zinakosa viingilio. Halafu linaibuka wazo kwamba Serikali isaidie kukarabati. Nyasi bandia za viwanja vya majiji zilisamehewa VAT katika bajeti ya 2021/22, na kama mpenda mpira nilishangilia. Lakini kodi ya umma ikisamehewa ili kupamba mali ya chama, tujue tunachofanya. Halmashauri ikitia fedha pale, inakarabati nyumba ya kupanga, na ukarabati ukiisha mwenye nyumba atapandisha kodi.

Wa tatu, na huyu ndiye ananikera, anasema: kwani kuna ubaya gani, si watu wote wanaingia? Ni kweli tunaingia. Sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika Samora mwaka 2018 na Sokoine mwaka 2019. Mgeni rasmi mara zote mbili alikuwa Rais, naye Rais ndiye mwenyekiti wa chama chenye uwanja. Wafanyakazi wa nchi nzima, wenye kadi na wasio na kadi, waliandamana mbele ya mtu aliyekuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Kuingia kwa ruhusa ya mwenye mali si sawa na kuingia kwako mwenyewe. Muulize yeyote aliyewahi kupanga chumba uswahilini: unaweza kulipa kwa wakati miaka kumi, na bado mwenye nyumba akija ukaficha jiko.

Watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA, timu za mtaani, akina dada wanaotaka kuanzisha timu ya wanawake, hao hawana mahali pa kupeleka barua isipokuwa kwa katibu wa chama. Labda katibu ni mwema. Wengi ni wema. Lakini mtoto wa Isanga hatakiwi kutegemea wema wa katibu wa chama chochote ili apige mpira kwenye mji wake. Ingekuwa CHADEMA, ACT au NCCR wanaovimiliki, ningeandika maneno haya haya.

Tazama pia yaliyotokea Mbarali. Novemba 29, 2022, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 kwenye uwanja wa Highland Estate, Ubaruku, ikakata mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza. Siku ile hata mimi niliyelelewa na baba wa Yanga niliruka. Mwaka 2024 timu ikahamia Singida na kubadilishiwa jina. Sababu zilikuwa za wenye fedha, si za viwanja. Lakini timu isiyo na mizizi kwenye ardhi ya umma ni kama hema; mwenye kamba akiamua, inakunjwa. Nyanda za Juu Kusini tulitoa bingwa wa nchi 1986, Tukuyu Stars, timu ya wilayani. Leo AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, viwanja vinajengwa na kukarabatiwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar, na sisi tutaitazama kwenye vibanda umiza.

Kuhusu majina, nina neno dogo. Edward Sokoine, aliyefariki Aprili 12, 1984 kwa ajali Dakawa, anakumbukwa kwa vita vya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, watu waliojilimbikizia mali ambayo wananchi waliihitaji. Samora Machel alifariki Oktoba 19, 1986 kwa ajali ya ndege, baada ya maisha ya kudai kwamba ardhi ya Msumbiji ni ya watu wake. Tumechukua majina ya watu hawa wawili tukayaandika juu ya malango ambayo funguo zake ziko ofisi ya chama. Ulbricht alistahili kufutwa ukutani. Hawa walistahili malango yao yafunguliwe.

Wengine watasema muda umepita, miaka zaidi ya thelathini, tusifukue makaburi. Hao hawajafika Kalenga. Mkwawa alifariki 1898, Wajerumani wakachukua fuvu. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ibara ya 246, ukaandika kwamba fuvu hilo likabidhiwe ndani ya miezi sita. Halikuja. Lilikuja 1954, mikononi mwa Gavana Twining, na leo liko kwenye makumbusho pale pale Kalenga. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Lakini lilikuja kwa sababu dai lilikuwa limeandikwa mahali, kwa wino, na aliyetaka kulisahau alikuwa analikuta kwenye karatasi. Wahehe hatuna haraka, ila tunataka iandikwe.

Na hili la viwanja halijaandikwa popote penye nguvu. Wapinzani walilipigia kelele majukwaani kila uchaguzi, wakashangiliwa, wakashuka jukwaani. Walipozishika halmashauri za Mbeya na Iringa, viwanja vilibaki vilipokuwa. Kelele za kampeni hazina kumbukumbu za kikao.

Sheria zipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967 inaruhusu ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, na fidia ikalipwa kwa anayestahili. Mali za chama ziko chini ya Bodi ya Wadhamini wa CCM, ambayo inaweza kukaa kesho asubuhi na kuamua kukabidhi Sokoine kwa Jiji la Mbeya na Samora kwa Manispaa ya Iringa bila kusukumwa na mtu. Chama kinachojiita cha wakulima na wafanyakazi kisingepungukiwa kitu. Kingebaki na ofisi zake na wapiga kura wake, na mimi mwenyewe ningekwenda kupiga makofi siku ya makabidhiano.

Ikishindikana kwa hiari, basi Bunge liunde tume huru, isiyoongozwa na mtu wa chama chochote, ipewe tarehe ya kuanzia kama Wajerumani walivyoweka yao, na iombe nyaraka uwanja mmoja baada ya mwingine, kuanzia Mkwakwani mpaka Kirumba, kuanzia Samora mpaka Sokoine. Chama kitakachothibitisha kwamba uwanja ni wake kihalali kibaki nao, kilipe kodi ya majengo kama mfanyabiashara mwingine yeyote, na jiji lijue kwamba linatakiwa kujenga wa kwake.

Lakini kabla ya Bunge kuna baraza la madiwani. Mbeya lipo, Iringa lipo, na mikutano yake ya kawaida iko wazi kwa wananchi. Unaingia, unakaa nyuma, unasikiliza. Diwani yeyote anaweza kuomba kwa maandishi mkurugenzi aeleze mezani: halmashauri imelipa shilingi ngapi kutumia Sokoine tangu 2013, imemlipa nani, kwa mkataba upi, na kwenye ramani ya mipango miji kiwanja kile kimeandikwa matumizi gani na kwa jina la nani. Ni swali la mistari minne. Linahitaji diwani mmoja wa kulitoa na mwingine wa kuunga mkono.